Mfalme Naye Alikuwa na Mgao

Tulifika Versailles siku ya Jumatatu, na kosa lilikuwa langu. Mpwa wangu yuko Paris mwaka wa tisa huu, anafanya kazi jikoni kwenye mkahawa, na Jumatatu ndiyo siku yake ya kupumzika. Nikasema twende siku hiyohiyo, wala sikuuliza mtu. Nilidhani kasri ya mfalme haina siku ya kufunga. Kumbe inayo. Jumatatu jumba zima hufungwa, na bustanini maji hayarushwi. Tulishuka kwenye treni ya RER C kituo cha mwisho, tukatembea kwa jua la mwezi wa sita, tukafika mbele ya lango lililopakwa dhahabu hadi linaumiza macho, nalo limefungwa.

"Mjomba, si nilikwambia tuulize kwanza?"

Hakuniambia. Lakini kijana aliyekupokea uwanja wa ndege, akakupa kitanda chake na yeye akalala sakafuni, unamwachia ushindi mdogo kama huo.

Bustani ilikuwa wazi, na siku ile haikuwa na kiingilio. Tukaingia kwa pembeni, yeye amenuna, mimi najisemea basi angalau tunyooshe miguu. Sikujua kwamba ndiyo itakuwa siku yangu nzuri kuliko zote za safari ile.

Mimi ni fundi bomba, wa Unguja. Nimeanza kazi nikiwa kijana wa kumbebea mzee mmoja mkoba wa spana, na sasa mkoba ananibebea mwanangu. Nimefunga mifereji (kwetu mfereji ni ule unaoufungua kwa mkono ukapata maji, wenzetu wa bara wanauita bomba), nimezibua, nimechimba, nimetukanwa. Maji yasipotoka wa kulaumiwa ni fundi, na yakitoka mengi yakafurika sebuleni, ni fundi. Kwa hiyo nilipoaga kwamba nakwenda Ufaransa kwa mtoto wa dada yangu na nitapita Versailles, watu walidhani nafuata vioo na vitanda vya dhahabu. Nilikuwa nafuata mabomba.

Na mabomba, niamini, unayaona vizuri maji yakiwa yamefungwa.

Ukisimama kwenye baraza ya nyuma ya jumba, ardhi inateremka mbele yako kama imekunjuliwa mkeka. Karibu na miguu yako kuna mabirika mawili mapana, yametulia. Chini yake kuna birika la Latona, limejengwa kwa madaraja kama keki ya harusi. Halafu jamvi refu la majani, halafu birika la Apollo na farasi wake wa dhahabu wakitoka majini, halafu Mfereji Mkuu wenye urefu wa zaidi ya kilomita moja na nusu, umekatwa kwa umbo la msalaba, unakwenda hadi macho yanachoka. Huu sasa ni mfereji kwa maana ya watu wa bara. Aliyeipanga bustani hii, André Le Nôtre, aliianza 1661, na watu humsifu kwa mistari yake iliyonyooka. Mimi nilichokiona kwanza ni mteremko. Kila birika liko chini ya lenzake. Nikamwambia mpwa wangu: "Huyu bwana alikuwa anapanga maji, maua kayaweka baadaye." Akaniangalia kama watoto wanavyomwangalia mtu mzima aliyeanza kuzeeka.

Tukashuka hadi kwa Latona. Hadithi yake ni ya Wayunani wa kale: mwanamke amekimbia na watoto wake pacha, ana kiu, anafika kwenye bwawa kuomba maji ya kunywa, na wanakijiji wanamkatalia. Hawakuishia kumkatalia, wakaingia bwawani wakayavuruga kwa miguu ili yawe tope. Akawaapiza, wakageuka vyura. Basi birika lile limezungukwa na vyura wa madini ya risasi waliopakwa dhahabu, na baadhi yao bado wako nusu njia, mwili wa mtu na mdomo wa chura. Sisi tuliolelewa kwamba mtu hanyimwi maji, hata adui, hatuhitaji kuelezwa hadithi ile mara mbili.

Nikapiga magoti ukingoni. Kila chura ana mdomo wazi, na ndani ya mdomo kuna bomba, na mwisho wa bomba kuna tundu lililobanwa. Hapo ndipo penye siri ya kurusha maji, nayo kila mtoto anaijua: ukibana mdomo wa mpira wa kumwagilia kwa kidole gumba, maji yanaruka hadi kwa jirani. Kilichobaki ni presha. Na presha, pale ambapo hakuna umeme, ni kimo cha tangi tu. Kila mita kumi za kimo zinakupa baa moja, ndicho kipimo chetu cha presha. Ukitaka maji yaruke mita ishirini na saba, kama yanavyoruka kwa yule joka wa upande wa kaskazini, tangi lako liwe juu kuliko hapo, na uongeze kidogo kwa sababu bomba nalo linakula chake njiani.

"Mjomba, watu wanatuangalia."

"Waache waangalie. Tangi liko wapi?"

Hilo swali ndilo lililotuzungusha siku nzima. Nilifuata mifuniko ya chuma njiani, nikavuka hata mnyororo mmoja mdogo ambao haukuwekwa ili uvukwe, na mlinzi akaja kuniambia kwa adabu, kwa kidole kimoja, nirudi. Nikarudi. Lakini nilikuwa nimeshaona mfuniko, na chini ya mfuniko fundi yeyote anajua kuna nini.

Matangi mengine yako chini ya ardhi karibu na jumba, mengine juu ya kilima cha Montbauron upande wa mjini. Maji yanashuka kwa mserereko, yanarushwa, yanakusanywa, yanateremka hadi kwenye Mfereji Mkuu, kisha yanapandishwa tena. Hadi leo kinachorusha maji ni mserereko uleule, na kilichobadilika ni kwamba kuyapandisha sasa ni kazi ya pampu za umeme. Mabomba mengi ya chuma yaliyofukiwa ardhini ni yale ya enzi ya mfalme. Kuna takriban kilomita 35 za mabomba. Mimi nyumba ya mteja yenye mabomba ya miaka arobaini naikimbia.

Usiku ule, baada ya wali wa mpwa wangu (amekuwa mpishi, lakini nazi ya kopo ni nazi ya kopo), tulikaa kwenye simu yake akinisomea na kunitafsiria. Nilitaka kujua maji yalitoka wapi, maana siku nzima sikuona mto. Na kweli, Versailles haina mto. Baba yake mfalme, Louis wa 13, alijenga pale kibanda cha kuwindia mwaka 1623, juu ya kilima katikati ya msitu na vinamasi. Kwa kuwinda panatosha. Mwanawe, Louis wa 14, akapageuza makao ya dola nzima, akahamishia baraza lake hapo mwaka 1682, na akataka maji yaruke kila upande anaogeuka. Ni sawa na mtu kununua kiwanja juu ya mwamba kisha akakuita umchimbie kisima. Wateja wa namna hiyo nawajua, na mara nyingi ndio wenye pesa.

Walianza na bwawa la Clagny lililokuwa jirani, wakapandisha maji kwa pampu za farasi na za upepo. Halikutosha. Wakachimba mabwawa na mitaro kwenye nyanda za juu kukusanya mvua. Hayakutosha. Ndipo wakaja kwenye mto Seine, na hapa nilimwomba mpwa wangu asome polepole.

Seine uko chini sana. Kutoka mtoni hadi juu ya kilima ambako maji yangeweza kuanza safari ya kwenda kwenye bustani, kimo ni zaidi ya mita 150. Fundi akiambiwa mita 150 anaomba kiti akae. Leo nikipewa kazi hiyo nitaomba pampu kubwa na umeme wa uhakika, na bado usiku sitalala. Wao hawakuwa na umeme wala mvuke. Aliyeifanya ni Rennequin Sualem, seremala kutoka Liège, akishirikiana na tajiri wake Arnold de Ville. Kati ya 1681 na 1684 wakasimamisha mtoni mtambo wa Marly: magurudumu 14 ya mbao yanayozungushwa na mto wenyewe, kila moja kimo chake kama mita 12, yakisukuma pampu zaidi ya 200, na maji yakapanda kilima kwa hatua tatu, kutoka tangi hadi tangi. Mto ule ukajisukuma wenyewe mlimani. Makelele yake yaliwatesa majirani usiku na mchana, na mbao na ngozi za pampu ziliharibika kila mara, lakini uliendelea kuzunguka hadi 1817. Zaidi ya miaka mia na thelathini. Nilimwambia mpwa wangu kwamba sanamu ya kupakwa dhahabu pale bustanini ilikuwa ya yule seremala.

Na bado hayakutosha, kwa sababu mfalme alikuwa na kasri nyingine hukohuko Marly, nayo ina bustani, nayo inataka maji. Sehemu kubwa ikaishia huko. Wakajaribu jambo kubwa zaidi: kuugeuza mto Eure, kuuleta kwa mfereji wa kilomita kama 80. Kazi ilianza 1685. Walipelekwa askari hadi kufikia elfu thelathini, wakichimba katika mabonde ya maji yaliyotuama, na homa ikawafagia. Vita vikazuka 1688, kazi ikasimama, haikurudiwa tena. Matao ya daraja la maji bado yamesimama Maintenon, hayajawahi kupitisha tone. Hapo mpwa wangu aliacha kusoma akaenda kuosha vyombo. Mimi nikabaki na hesabu ile. Katika kazi yetu kuna watu wamefukiwa na kifusi wakichimba mtaro wa bomba la inchi mbili. Elfu thelathini.

Lakini kitu kilichonifanya nisilale kilikuwa kidogo kuliko vyote. Baada ya mtambo, mabwawa, na mitaro, maji hayakutosha kurusha mabirika yote kwa wakati mmoja. Basi mafundi wa maji walikuwa wakijificha vichakani, mfalme akikaribia birika fulani wanapigiana mluzi: fungua. Akishapita, mluzi mwingine: funga, mpe wa mbele. Mfalme anatembea kati ya maji yanayoruka, na nyuma yake bustani inakauka.

Nikacheka peke yangu gizani. Mgao! Mfalme wa Ufaransa, aliyejiita Jua, alikuwa anaishi kwa mgao kama mtaa wangu.

Mtaani kwetu maji yana siku zake, na saa zake ni za wachawi. Unalala na mfereji wazi na ndoo chini yake, na saa nane usiku unausikia unakohoa. Kwanza unatoa upepo, halafu kikohozi chenye kutu, halafu maji. Nyumba zote zinaamka, taa zinawaka, madumu yanagongana uani, na mtu wa nyumba ya mwisho anajua wa nyumba ya kwanza akiweka pampu, yeye amelala na kiu. Nilichojifunza kwa miaka yote ile ni kwamba swali la maji si "yapo?" Swali ni nani anafungua, anamfungulia nani, na nani amefungwa wakati huo. Nilidhani ni shida yetu. Kumbe ndivyo maji yalivyo, hata ukiyapaka dhahabu.

Mfalme mwenyewe aliandika mwongozo wa namna ya kuwatembeza wageni bustanini, wa kwanza mwaka 1689, akaurudia kuurekebisha mara kadhaa. Toka hapa, simama juu ya ngazi, tazama kule, geuka kushoto, shuka. Wanaoandika juu yake husema ni mapenzi yake kwa bustani, na sibishi. Maoni ya fundi ni mengine: ile ni ratiba ya mgao iliyovishwa joho. Mgeni akipita njia moja kwa mwendo mmoja, mafundi wanajua wamfungulie wapi. Akianza kuzurura kama nilivyozurura mimi Jumatatu, atakuta chura mkavu.

Ikabidi turudi. Mpwa wangu alibadilishana zamu na mwenzake, tukaenda Jumamosi. Safari hii nilikagua siku, saa, kila kitu, mpaka akaniomba niache. Kuanzia mwezi wa nne hadi wa kumi maji hurushwa mwishoni mwa wiki, na siku nyingine chache, na siku hizo bustani ina tiketi. Hatukukata tiketi ya jumba. Watu wakisikia kwamba nimefika Versailles mara mbili na sikuingia ndani wanashika vichwa.

Mlangoni tukapewa ramani. Na kwenye ramani, bwana wee, kuna saa! Vyumba vya miti, yale maficho yaliyozungushiwa ua wa majani marefu na ndani yake mabirika, kila kimoja kina wakati wake. Hiki saa hii, kile baada ya nusu saa, kingine mchana tu. Kwa hiyo mkienda, msiende kichwa kichwa, ikunjueni ile ramani na mjue mnaanzia wapi. Mgao upo mpaka leo, tofauti ni kwamba sasa umechapishwa.

Latona mwenye maji ni mwingine kabisa. Vyura wote wanamtemea yeye aliye juu, maji yanavuka hewani kama matao, na jua likipita katikati unaona upinde. Nilisimama pale muda mrefu. Kero yangu moja ni muziki: vichakani kuna spika zilizofichwa zinazopiga vinanda vya zamani, watu wanaupenda, mimi nilitamani wazime dakika mbili tu nisikie maji. Bomba lenye afya lina sauti yake.

Nyuma ya ua mmoja wa miti nikamwona mtu wa kazi. Ovaroli, viatu vizito, mkononi chuma kirefu cha kufungulia valvu ya chini ya ardhi. Nikamwambia mpwa wangu twende. Akasema Mjomba, tafadhali. Nikaenda. Sikuwa na neno la Kifaransa zaidi ya salamu, basi nikampa salamu kisha nikamwonyesha viganja vyangu. Akaviangalia. Akaangalia vyake. Akacheka, akamgeukia kijana kumuuliza huyu mzee anatoka wapi.

Hakuwa na muda mwingi, ratiba inamsubiri. Lakini alituacha tusimame njiani tumwangalie akifunga. Polepole, robo mzunguko, anasubiri, robo nyingine, sikio limeinama kidogo upande wa bomba. Kijana akamuuliza kwa nini hafungi mara moja. Jibu likawa refu, na mpwa wangu akababaika kutafsiri.

"Anasema ukifunga haraka... anasema kondoo dume, Mjomba. Kondoo dume anapiga. Sijui kondoo ameingiaje."

Nilimwelewa kabla hajamaliza. Maji mengi yakiwa mbioni ndani ya bomba refu, ukiyafungia mlango ghafla, yanarudi kwa kishindo na kupasua kiungo chochote dhaifu. Sisi tunasema bomba linapiga. Wafaransa wanasema ni pigo la kondoo dume, na ukishasikia bomba la inchi nne likipiga ukutani usiku unakubali kwamba jina lao ni zuri kuliko letu. Nikampigia ngumi kiganjani: tah! Akaitikia kwa kichwa: ndiyo, tah! Tukaagana. Katika wiki tatu za Ufaransa yule ndiye mtu wa kwanza niliyezungumza naye bila mkalimani.

Mchana tulikula chapati za mayai alizobeba kijana, chini ya mti, karibu na Mfereji Mkuu. Wengine walikuwa wanakodi mashua za makasia. Akaniuliza kama nataka. Mtu wa pwani alipe hela kupiga kasia kwenye maji yasiyo na chumvi? Tulipita pia kwenye uwanja wa michungwa, zaidi ya elfu moja ndani ya makasha ya mbao, pamoja na mindimu na mikomamanga. Majira ya baridi huingizwa ndani ya ghala refu kama msikiti na kutolewa mwezi wa tano. Miti inayotembea kuliko mimi. Kuhusu miguu, nitasema tu kwamba vaeni viatu mlivyokwisha kuvizoea. Mkiwa na mzee wa kweli, kuna vigari vya kukodi. Na mkiona choo, kiingieni, hata kama hamjahitaji.

Kisha tukaingia kwenye ukumbi wa kuchezea ngoma, chumba cha miti kilichojengwa miaka ya 1680. Umejengwa kama mchezo wa jukwaani: upande mmoja madaraja ya majani ya kukalia, upande wa pili madaraja ya mawe ambayo maji yanateremkia. Katikati ndipo watu walipokuwa wakicheza. Maji hayaruki sana pale, yanashuka, ngazi hadi ngazi, yakigonga mawe yenye matundutundu. Nikasogea. Katikati ya yale mawe kuna makombe. Makombe ya baharini, mamia kwa mamia, yamepachikwa kama vigae. Mpwa wangu akasoma kibao, akanyamaza, akasoma tena.

"Yametoka pwani za Afrika, Mjomba. Na Bukini."

Bukini, yaani Madagaska. Bahari yetu hiyo. Nikainama nikayatazama kwa karibu, meupe yamefifia, mengine yameota ukungu wa kijani, yanapitiwa na maji matamu mwaka wa mia tatu na ushei. Utotoni tuliyaokota ya namna hiyo pale Maruhubi, maji yakitoka, jirani na magofu ya kasri ya Seyyid Barghash iliyoungua 1899. Pale nguzo zimebaki, na birika la yungiyungi. Barghash naye alikuwa mtu wa maji. Ndiye aliyeshusha maji ya chemchemi ya Bububu kwa bomba hadi mjini, na bibi yangu alipomtaja alimtaja kwa mfereji kabla ya kumtaja kwa Beit al Ajaib. Nilimpiga picha kombe mmoja nikaituma nyumbani. Jibu likaja haraka kutoka kwa mke wangu: "Umekwenda mpaka Ulaya kupiga picha makombe?"

Ratiba ya siku inafungiwa kwenye birika la Neptune. Watu wote wanasogezwa upande wa kaskazini, wanakaa kwenye mteremko wa majani, na mnamo saa kumi na moja na dakika ishirini hivi jioni wanafungua. Birika lile lilianzwa kujengwa 1679, sanamu zake zikaja kukamilika 1740, na lina midomo 99 ya maji. Yanapanda yote kwa pamoja, na watoto wanapiga kelele, na upepo ukigeuka mnalowa. Mimi nilikuwa nimekaa nahesabu moyoni: tangi la Montbauron limeshuka kiasi gani sasa? Nani ameshika chuma, na ameinamisha sikio upande gani?

Simu ikalia. Nyumbani. Kule ilishatimu saa kumi na mbili na zaidi.

"Maji yametoka," mke wangu anasema, bila salamu, na nyuma yake nasikia kishindo ninachokijua. "Yametoka jioni hii, nani alitegemea? Tangi la juu limejaa, linamwaga, uani kumekuwa bwawa. Mwanao yuko juu ya ngazi, hajui afunge ipi."

"Mpe simu."

Mbele yangu midomo 99 inaruka, na watu wanapiga makofi. Nikaziba sikio moja kwa kidole. Nikamsikia mwanangu anahema.

"Baba, hii nyekundu?"

"Hiyo hiyo. Zungusha kulia. Kulia, mwanangu. Polepole."